Mchonga Majina

Wananiweka karibu na mlango wa wachezaji:
meza ya plastiki, kitambaa cheusi, taa ya kubana,
na kombe lenyewe limefunikwa taulo
kama kuku anayeatamia.
Kazi yangu ni dakika kumi na moja kwa mwaka.
Kipenga cha mwisho, jina, picha, basi.

Usiku huu Kutaisi kuna mvua nyembamba,
mvua isiyolowesha, inayoudhi tu.
Kulia wako Mtkvari, mabingwa wa ligi,
wana wa mji mkuu, makoti yao yanafanana hadi vifungo.
Mechi thelathini na sita wamezipanda kama ngazi,
hawakuruka hata moja.
Kushoto Shavi Kva wa Chiatura, wenye kombe,
waliomaliza ligi wakiwa wa saba,
ila katika mechi tano za mtoano
waliamka watu wengine.
Nani mkubwa? Aliyelima mwaka mzima
au aliyeokota almasi njiani?
Watu hulipa lari kumi kuja kuuliza hilo,
na jibu hudumu mpaka Jumamosi ijayo.

Mashabiki wa Chiatura wameshuka na mabasi matatu.
Mji wao ni wa manganizi; vumbi jeusi
halitoki kwenye mistari ya viganja,
hata kwa mwalimu wa muziki.
Wakipiga makofi nasikia jiwe.

Lamara akapiga simu kutoka Bari,
anakomtunza bibi wa watu
asiyekumbuka jina lake mwenyewe.
"Wanacheza?" "Wanacheza."
"Umevaa fulana ya ndani?" "Nimevaa."
Kisha tukanyamaza, tukausikiliza uwanja pamoja,
yeye kwa sikio lake, mimi kwa langu,
mpaka bibi akaita.

Dakika ya sabini na nne Mtkvari wakafunga.
Goli la kiofisi: kona, kichwa, wavu,
kama mtu anayegonga muhuri.
Dakika ya themanini na nane akaja Badri wa shirikisho,
mwavuli wake ukinidondokea shingoni.
"Anza, Nugzar. Televisheni haisubiri."
Nikamwambia mpira ni duara.
Akasema mkataba ni mstatili.

Basi nikalifunua kombe, nikashika patasi.
Fedha ikikatwa hulia sauti nyembamba, kama jino.
Nikachonga tumbo la herufi ya kwanza,
M yetu, maana herufi zetu zote
zimejikunja kama mizabibu.
Tumbo tu. Mkia bado.

Ndipo nikasikia jiwe.

Sikuliona goli. Miaka kumi na tisa kwenye meza hii
sijaona goli la mwisho hata moja.
Nilimwona Ushangi, kipa wa akiba wa Chiatura,
akikimbia na chupa ya maji mkononi
akamkumbatia askari asiyemjua,
na askari, baada ya kufikiri kidogo,
akamkumbatia naye.

Penalti nilizihesabu kwa masikio.
Kelele pana ya mji mkuu. Jiwe.
Kelele pana. Jiwe.
Kelele pana, tena jiwe,
kisha mguno wa watu walioangusha sahani,
kisha kimya kirefu, kimya cha mgodini,
halafu jiwe, jiwe, jiwe,
hata kikombe changu cha chai kikatembea mezani.

"Futa," akasema Badri.
Fedha haifutiki, bwana. Fedha si ubao.
Nikalitazama lile tumbo la M.
Sh ya Shavi nayo ina tumbo,
ila limekaa vingine, na shingo yake hupinda juu.
Nikalipanua upande mmoja, nikalipa shingo,
mkono ukitetemeka kwa baridi, nasema kwa baridi.
Dakika kumi na tatu. Wakanivumilia.

Nahodha akaliinua.
Kidole gumba chake, chenye mstari mweusi,
kikakaa palepale juu ya herufi yangu nene,
yenye mimba ya jina la watu wengine.

Garini nikakuta ujumbe wa Lamara:
"Bibi amelala. Nani?"
Nikaanza kuandika M, kwa mazoea ya mkono,
nikaifuta.
Simu haina kovu.